Sahani ya Cibalonza

Siku ya kwanza nilipoingia katika ile sali ya wanaume, yaani wodi yao pale hospitalini, nilimpa pole mtu asiye mgonjwa. Nilimwona mwanamke ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho yameingia ndani, mifupa ya mabega inasukuma blauzi. Nikainama nikamwambia, "Pole sana, maman. Bado banakutafutia kitanda?" Akacheka kidogo kwa heshima, akaelekeza kidole juu. Mgonjwa alikuwa mwanamume aliyelala kitandani pale juu yake, ndevu zimenyolewa, shati safi. Mwanamke alikuwa mkewe, aliyekuja kumtunza tu.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, wakati wa mvua. Mimi nilimpeleka baba yangu, mzee Venant, aliyevunjika mguu kwenye salongo. Waliozaliwa juzi hawaijui salongo. Kila Jumamosi asubuhi raia walitoka na majembe kusafisha mitaro na barabara, wapende wasipende, wakiitana citoyen hivi, citoyenne vile. Baba alikuwa mzee, hakuna aliyemwita. Alitoka mwenyewe kuwaonyesha vijana wa mtaa wetu, Kadutu, jinsi mtaro unavyochimbwa. Akawaonyesha, halafu akatumbukia ndani yake.

Ndivyo nilivyopata kazi ya garde-malade. Wasioijua waniulize mimi. Manesi wanachoma sindano, wanagawa vidonge, wanaandika joto la mwili. Yaliyobaki yote ni yako. Kumwosha, kumgeuza, kufua mashuka, kupika uani juu ya jiko la mbabula huku moshi wa makaa yenye maji ukikutoa machozi, kisha kulala sakafuni juu ya mkeka, kichwa chako chini ya chuma cha kitanda. Wageni wanakuja, wanamshika mgonjwa mkono, wanamwombea, wanamletea ndizi. Wewe uliye chini wanakuruka tu kama dimbwi la njiani. Sijasikia hata siku moja mgeni akimwuliza garde-malade kama amelala. Jambo hilo lilinikera tangu siku ya kwanza na linanikera mpaka leo.

Yule mwanamume aliitwa Aloys. Kwenye karatasi ya kitandani waliandika jina lake la ukoo peke yake, maana majina ya kikristo serikali ilikuwa imeyafukuza kwenye karatasi, lakini vinywani yalibaki. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya viwanja. Mtu mpole, wa maneno machache, mwenye vidole virefu visivyotulia, vikichorachora juu ya blanketi hata akiwa amesinzia. Alikuwa na kansa ya koo, chini kabisa, pale chakula kinapoingia tumboni. Daktari hakuwaficha. Ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, kisu hakingesaidia, na kilichobaki kilikuwa kumpunguzia maumivu. Apewe vitu vya majimaji, kidogo kidogo, na asipotaka asilazimishwe.

Mkewe aliitwa Cibalonza. Mimi nilimwita maman Sophie, kwa jina la binti yao wa pekee, aliyeolewa Minova na kujifungua mwezi uleule, asiweze kuja.

Nilianza kumchunguza wakati wa chakula. Saa sita alipakua chakula cha mumewe na chake pamoja, akakaa, akampelekea kijiko cha uji mdomoni. Aloys alilamba kidogo, akageuza uso. Cibalonza akangoja. Akajaribu tena. Akangoja tena. Mwisho akafunika vyote viwili, uji wa mumewe na bugali yake mwenyewe ambayo hakuigusa, akavipeleka kwa mama mmoja wa karibu na mlango aliyekuwa na watoto.

"Maman Sophie, na wewe?" nikamwuliza. "Haukule?"

"Nitakula yeye akisha kula."

"Na kama hakule?"

Akajifanya kukunja kitenge.

Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Nilimtengea sambaza za kukaanga, dagaa za ziwani, zile ndogondogo zinazolia mdomoni. Akazishukuru, akazifunga kwenye karatasi, akampa mtoto wa watu. Hapo nikamfuata bombani tulipokuwa tukiosha vyombo, nikamwambia wazi kwamba mimi si mtu wa kuzungushwa, anieleze.

"Siku ya ndoa yangu," akasema, "mama-mukwe alinikalisha mu jikoni. Akaniambia, mu hii nyumba mukono ya bibi inafuata mukono ya bwana. Bwana asipogusa chakula, bibi hagusi. Nikasema ndiyo. Na miaka yote haikuwa kitu, Monique! Papa Sophie alikuwa anakulaka mbio mbio, mimi njo nilikuwa nabakia nyuma." Akacheka, halafu kicheko kikamwishia njiani.

"Lakini mama-mukwe alishakufa zamani."

"Alikufa. Mulamu wangu iko."

Huyo mulamu, wifi yake, alikuwa Euphrasie, dada mkubwa wa Aloys. Alitoka Miti kila Jumatano na kila Jumapili, amekaa juu ya magunia kwenye camionnette, na kikapu mapajani. Akifika mlangoni, kabla ya salamu, aliuliza, "Amekula?" Halafu alimgeukia Cibalonza, akamtazama mdomo. Nasema kweli, alimtazama mdomo, kama anatafuta mafuta.

Nisimsingizie. Alimpenda ndugu yake kupita kiasi. Alimkanda miguu akilia bila sauti, akamwimbia nyimbo za utotoni kwao kwa Kishi. Lakini mama yao alipokufa, Euphrasie ndiye aliyebaki kushika desturi za nyumba ile, na kwake mke anayetafuna wakati mume analala na njaa alikuwa ameshaanza kumzika. Alisema hivyo mbele yetu sote, wala hakupunguza sauti. Cibalonza akainamisha kichwa. Mimi mdomo ulikuwa unaniwasha, baba akanifinya mkono.

Basi Cibalonza akaendelea kukauka. Chai asubuhi, kwa kuwa chai hakuihesabu kuwa chakula. Maji. Pengine kipande cha ndizi alichokula uani akiwa amegeukia ukuta, halafu akarudi na aibu usoni kama aliyeiba. Aliacha kusuka nywele, akafunga kitambaa. Alimgeuza mumewe mara nyingi kila siku, na Aloys, hata alivyokonda, alikuwa mtu mrefu. Nilisikia pumzi ya Cibalonza kila alipomwinua, nikawa naacha yangu nikamsaidie.

Siku moja asubuhi alianguka bombani. Ndoo ilimwagika, yeye akalala ndani ya maji yaleyale, kimya. Tulimbeba mimi na mama mwingine, na kusema kweli hakuwa mzigo. Masera Anne-Marie, mtawa aliyeongoza sali yetu, alimpima mapigo, akamfunua kope, akamketisha.

"Cibalonza, sikiliza. Uko na mwili moja tu. Ukianguka, nani atamugeuza bwana yako? Kula. Lala. Enda nyumbani ata siku moja, uoge maji ya moto. Monique atamuchunga."

"Ndiyo, masera."

Nilijua ile ndiyo haina kitu ndani. Ilikuwa ileile ya jikoni siku ya ndoa. Watu walimsifu Cibalonza kwa upole wake, mimi nilitamani hata mara moja atukane mtu.

Tulimlaza kwenye mkeka wake. Aloys alijivuta mpaka ukingo wa kitanda, akaangalia chini. Kwa siku nyingi alikuwa akimwona mkewe akiwa amesimama, amevaa, anatabasamu, anasema yote ni sawa. Sasa alimwona amelala, kitambaa kimevuliwa, shingo yote mishipa. Alimwangalia muda mrefu sana. Vidole vyake havikuchora kitu.

Saa sita Cibalonza aliamka kwa kujilazimisha, akapika uji. Aloys akausukuma kando.

"Nipe bugali."

"Papa Sophie, docteur alisema..."

"Nipe bugali na sombe. Nasikia njaa."

Sali nzima iligeuka. Cibalonza alimega tonge dogo kama la mtoto, akalichovya kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akampa. Aloys alilitafuna, akalitafuna, akafumba macho, akameza. Mshipa wa shingo ulimtoka. Akafungua macho, akatabasamu.

"Ni tamu. Na wewe kula."

Akachukua la pili, na la tatu. Na Cibalonza akala. Mama yangu, alivyokula! Alikula kama mtu aliyelima tangu alfajiri, sombe mpaka kidevuni, machozi yanamtiririka na huku anacheka. Nilitaka kupiga vigelegele humo ndani ya hospitali. Masera alipopita akakunja uso. "Pole pole, Aloys. Pole pole." Lakini nani angemsikiliza masera siku ile?

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha, ndiyo maana nikizikumbuka naumia. Aloys alikula kila adhuhuri, matonge machache, lakini bugali ya kweli. Cibalonza akarudi kuwa mtu. Alikwenda nyumbani akaoga, akasukwa nywele, akarudi na kitenge kilichopigwa pasi. Aliimba uani juu ya mbabula. Alianza kuniambia habari za Sophie na yule mjukuu, jinsi watakavyokwenda Minova na Aloys kwa mashua akipata nguvu, wakamwone mtoto. Jumatano Euphrasie alifika, akauliza swali lake, na safari hii akajibiwa ndiyo. Akapiga magoti pale kwenye saruji. Akasema novena yake imesikiwa. Akaahidi kwamba Jumapili ataleta nyama ya mbuzi, na akamshika Cibalonza shavu kwa mapenzi, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Mimi nilikuwa wa kwanza kujua. Bombani kulikuwa na foleni kila baada ya chakula, na Cibalonza alikawia. Siku hiyo nilibaki nikimfuta baba mguu. Nikasikia chuma cha kitanda kinalia. Aloys alikuwa ameshika chuma kwa mkono mmoja, ngumi imekaza, na kwa mkono wa pili alikuwa anavuta taulo chini ya mto. Kila kitu kilirudi. Kilirudi kwa shida, tonge kwa tonge, na nyuzi za damu. Mwili wake wote ulikuwa unapindika na hakutoa sauti hata moja. Alipomaliza akageuka, akaniona. Akaweka kidole mdomoni.

Nilimletea maji.

"Papa Aloys, hii ni nini? Docteur alisema maji-maji tu!"

"Usimuambie."

"Kwa nini unajitesa?"

Alipumua kwanza. "Nikikula, anakula."

"Basi umuambie akule bila wewe!"

"Nilimuambia. Anasema ndiyo, anaenda kugawa chakula kwa batu. Nilimuambia na mbele ya Euphrasie. Euphrasie akalia, akasema ninatupa maneno ya mama yetu." Akameza mate kwa taabu. "Mama Monique, mimi ninakufa. Hii inajulikana. Yeye hapana. Sitaki anifuate."

Nilichukua lile taulo nikalifua pamoja na nguo za baba. Nikafua na la kesho yake. Mimi siwezi kunyamaza, waulize majirani zangu wote, lakini safari ile nilinyamaza. Kila nilipofungua mdomo nilimwona Cibalonza anapanda ngazi na ndoo kichwani bila kuyumba, mashavu yake yamejaa, nikayameza maneno. Halafu nilimwona Aloys anashika chuma, nikataka kupiga kelele. Nilikuwa na hasira nao wote wawili. Nilikuwa na hasira na yule mama-mkwe aliyekuwa kaburini zamani, ambaye sikumjua hata sura. Naye alichosema hakikuwa kibaya siku aliyokisema, ndiyo balaa lenyewe.

Baba alikuwa ameona yote. Mguu ndio uliovunjika, macho yalikuwa mazima.

"Huyu mutu anameza moto juu bibi yake akule bugali," akaniambia. "Na wewe unafua kitambaa. Utafua mupaka lini?"

"Nilimupa neno langu, papa."

"Ulimupa. Na bibi yake anazidi kumupa tonge kubwa, juu anafikiri iko anapona. Unaona hii kitu inaenda wapi?"

Nilikuwa naona. Matonge yalikuwa yanakua. Cibalonza, kwa furaha yake, alikuwa ameanza kumsihi aongeze, moja la Sophie, moja la mjukuu. Na Aloys aliongeza. Sauti yake ilikuwa imeanza kupotea, na mchana kutwa alilala ubavu, magoti kifuani. Cibalonza aliona ni usingizi wa mtu aliyeshiba.

Jumapili Euphrasie akaleta nyama. Alikuwa amevaa vizuri, ametoka misa ya kwanza, sufuria imefungwa kwa kitambaa cheupe. Alipofunua, harufu ilijaa sali, wagonjwa wakainua vichwa. Akapakua sahani mbili kwa mikono yake. Moja akampa Aloys, nyingine akampa Cibalonza, akakaa katikati, mikono mapajani, anangoja kuwaona wakila.

Aloys alichukua kipande. Akakitazama kama mtu anavyotazama maji baridi kabla ya kujimwagia. Halafu akamtazama mkewe. Mkono wa Cibalonza ulikuwa umesimama juu ya sahani, vidole vimekusanyika tayari, unangoja mkono wa mumewe ufike mdomoni. Aloys akafungua mdomo.

"Weka chini!" nikasema.

Hata mimi nilishtuka. Nilikuwa nimesimama.

"Papa Aloys, weka chini, minakuomba. Maman Sophie, bwana yako hakulaka. Ukienda kuosha sahani, anatapika yote, na damu. Kila siku! Anakula juu yako. Juu wewe huwezi kugusa chakula kama yeye hajagusa. Tia mukono chini ya muto."

Euphrasie aliruka. "Uongo! Wewe ni nani? Nani alikuita mu mambo ya familia yetu?"

Cibalonza aliweka sahani sakafuni. Akaingiza mkono chini ya mto, taratibu, akatoa taulo. Lilikuwa la jana mchana, sikuwa nimepata nafasi ya kulifua. Akalikunjua, akaliangalia. Akalikunja tena mara mbili, pembe kwa pembe, kama nguo safi.

"Papa Sophie. Ni kweli?"

Angeweza kukataa. Kile kipande kilikuwa bado mkononi mwake, mchuzi unatiririka mpaka kwenye kiwiko. Alikirudisha sahanini.

"Inauma," akasema.

Ni hilo tu. Tangu augue hakuwa amemwambia mkewe neno hilo. Nikaanza kulia mimi, mtu wa nje, Cibalonza hakulia. Alibaki ameshika ukingo wa kitanda, na usoni mwake niliona yote yanapita, matonge ya Sophie, matonge ya mjukuu, zile nyimbo za uani. Nilidhani ataanguka tena.

Hakuanguka. Alimfuta mumewe mkono, kidole kwa kidole. Akaiondoa sahani ya Aloys, akaiweka mbali. Halafu akanawa, akaketi pale chini karibu na kichwa chake, akapakata sahani yake mwenyewe, akamega tonge, akalitia mdomoni.

"Cibalonza!" Euphrasie alikuwa amesimama juu yake. "Ndugu yangu iko na njaa, na wewe unakula mbele yake?"

"Ninakula, mulamu," akasema, mdomo umejaa. "Ninakula juu yeye aache kula."

"Mama alikuambia nini?"

"Aliniambia. Nilisikia. Miaka yote nilisikia."

Akachukua nyama. Kutafuna kwake kulisikika sali nzima. Machozi yalikuwa yameanza, na makamasi, hakujifuta, alikuwa anakula tu. Euphrasie alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Leo umemuua."

Hapo taya la Cibalonza likasimama. Alikaa na chakula mdomoni, hatafuni, hatemi. Nilijua akilitema tonge lile hatakula tena, na nilijua wote wawili watalala kaburi moja.

Aloys alishusha mkono kutoka kitandani. Vidole vile virefu vikampata shavuni, vikakaa pale.

"Endelea," akasema.

Akatafuna. Akameza. Akamega jingine, na Aloys akawa anamwangalia, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha. Kisha Aloys akafumba macho, akaomba kitambaa chenye maji cha kulowesha midomo. Alilala mchana ule akiwa amenyoosha miguu. Euphrasie aliondoka bila kuaga, sufuria akaiacha.

Tangu siku ile ikawa ndivyo. Saa sita Cibalonza anaketi karibu na kichwa chake na kula, na Aloys hapewi kitu ila maji kwenye kitambaa, na uji mwepesi kijiko kimoja siku alizotaka mwenyewe. Masera alimwongezea dawa ya maumivu. Wakati mwingine alimwuliza mkewe kwa ile sauti yake iliyobaki, "Leo ni nini?" Naye akamjibu, "Sambaza. Chumvi imezidi, nilikuwa naongea na Monique." Aloys alicheka kwa mabega. Alasiri niliwatazama wagonjwa wote wawili, Aloys na baba, Cibalonza akaenda nyumbani kulala kitandani kwake. Kesho yake ikawa zamu yangu ya kwenda kulala. Tungefanya hivyo tangu mwanzo, kama tungekuwa na akili.

Wanawake wa bombani walisema. "Ule maman anakula kama iko kwa arusi, na bwana yake anakauka." Walisema akiwa hapohapo, ndoo mkononi. Nywele alizosuka wakazitolea maana. Mimi niligombana nao, nikagombana vizuri. Yeye alijaza maji akaondoka. Usiku mmoja tu aliniuliza kama ninafikiri Euphrasie alisema kweli, kwamba amemwua. Nilimwambia kansa ndiyo inayoua. Akasema ndiyo, na sikuweza kujua ni ndiyo ya namna gani.

Euphrasie alirudi. Jumatano na Jumapili, kikapu kilekile. Hakumsalimu wifi yake. Aliketi upande wa miguu, akakanda miguu ya ndugu yake, na ikifika saa sita aligeukia dirishani, kule ziwa linapoonekana, mpaka sahani iishe.

Aloys alikufa Jumatano adhuhuri, mvua inapiga mabati hata ilibidi kuongea kwa nguvu. Pumzi ilikuwa imeanza kuwa ndefu tangu asubuhi. Masera alikuwa amemwambia Cibalonza, na Cibalonza alikuwa amekaa bila kusogea. Ilipofika saa sita hakupakua. Aloys akafungua macho, akamtafuta, midomo ikatikisika. Hakukuwa na sauti, lakini sote tulielewa anachouliza. Basi akapakua maharage na bugali, akaketi mahali pake, akamwonyesha sahani, akaanza. Aloys alikuwa anamtazama. Sahani ilipofika nusu, pumzi ikatoka na nyingine haikuja.

Euphrasie aliona kabla yetu, alikuwa ameshika miguu. Akajitupa chini akalia kwa sauti iliyozidi mvua. Masera akaja, akamfumba Aloys macho, akainama kuipokea sahani kutoka mikononi mwa Cibalonza. Cibalonza hakuiachia.

"Bado, masera."

Akamega tonge. Euphrasie aliinua kichwa kutoka sakafuni na hilo ndilo aliloliona: wifi yake, macho makavu, anaweka bugali mdomoni mbele ya maiti ya mumewe. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akaiweka chini, akasimama, akamkumbatia mumewe, na hapo ndipo alipolia.

Habari ile ilifika Miti kabla ya maiti. Ilifika Minova, kwa binti yake. Kwenye matanga wanawake wa ukoo ule walimwachia mkeka peke yake, na Euphrasie aliwaambia waliokuja kwamba mkono ule haukuwa na haya hata mbele ya kifo. Nimewahi kuisikia sokoni, kutoka kwa watu wasiomjua, ikiwa imetiwa chumvi, eti aliomba aongezewe. Kila mara nagombana.

Kwenye matanga yale mimi nilikwenda nikakaa naye juu ya mkeka wake. Watu walikuwa wanatupita. Nilimwuliza, kwa kuwa mimi pia lilikuwa limenikaa rohoni, kwa nini hakumpa masera ile sahani.

"Aliomba nikule," akasema. "Sikuweza kuacha nusu." Akajigusa chini ya koo, pale mfupa wa kifua unapoanzia. "Lakini haikupita, Monique. Tonge ilikamata hapa. Nikaisukuma na maji, ikarudi. Nikaisukuma tena, ikachoma mupaka ndani. Sikuwa mugonjwa, lakini haikukubali kushuka. Kabla ya siku ile nilikuwa nasikia tu batu banasema alijitesa juu yangu. Na tonge ile ya mwisho njo nilijua vile ilikuwa kwake kumeza."